Zulia Jekundu na Nafasi ya Jibu: Maadili ya Udaku Yakitazamwa kutoka Keumbu

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa mazulia mekundu ya kale katika fasihi ya dunia ni lile la tamthilia ya Agamemnon ya Aeschylus, iliyoigizwa Athens mwaka 458 K.K. Mfalme anarejea kutoka vita vya Troy. Mkewe, Clytemnestra, anaamuru vijakazi watandike vitambaa vya rangi ya damu kutoka garini hadi mlangoni pa jumba. Agamemnon anasita. Anadai kwamba heshima ya namna hiyo ni ya miungu, na anaongeza kwamba maneno ya watu yana nguvu kubwa. Mkewe anamshawishi kwa hoja kwamba asiyeonewa kijicho hana cha kutamaniwa. Mfalme anavua viatu, anakanyaga vitambaa, anaingia ndani, na humo anauawa.

Wahakiki wengi wamelisoma tukio hilo kama kisa cha kiburi na malipo yake. Makala haya yanalishughulikia jambo moja tu lililomo ndani yake, yaani yale maneno ya watu ambayo mfalme aliyahofu. Ni haki gani aliyo nayo mtazamaji ya kumsema mtu mashuhuri anayepita mbele yake akiwa amevaa vazi la kutazamwa? Na haki hiyo inakoma wapi?

Swali hili linaulizwa hapa kutokea Keumbu, soko lililo kando ya barabara itokayo mji wa Kisii kwenda Keroka, linalofahamika kwa wasafiri kutokana na mikungu yake ya ndizi. Huenda uteuzi huo ukaonekana wa ajabu, kwa kuwa mazulia mekundu hutandikwa mbali sana na hapo. Hata hivyo, zipo sababu za kufanya hivyo. Kwanza, walio wengi katika hadhira ya zulia jekundu ni watu wa mahali kama Keumbu, wanaopata picha na habari za mastaa kwa gazeti, runinga, simu, na redio zinazotangaza kwa Ekegusii kama vile Egesa FM. Nadharia nyingi za umaarufu zimeandikwa kutoka upande wa wapiga picha. Pili, Wagusii wana fikra nzito ya kimaadili kuhusu nani aseme nini mbele ya nani, fikra ambayo haijatumiwa ipasavyo katika mjadala huu. Tatu, eneo hilo limewahi kuona bei ya uvumi ikilipwa kwa uhai.

2.0 Vazi kama Matini

Roland Barthes, katika kitabu chake juu ya mfumo wa mitindo kilichochapishwa Ufaransa mwaka 1967, alitenga mavazi ya aina tatu: vazi halisi lililoshonwa, vazi la picha, na vazi lililoandikwa, yaani maneno yanayolieleza katika majarida. Kwa maoni yake, mitindo huishi hasa katika aina hii ya tatu. Gauni halipati maana mpaka lisemwe.

Mfano ulio karibu na msomaji wa Kenya ni ule wa tarehe 2 Machi 2014, usiku ambao Lupita Nyong'o alitunukiwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike kwa uigizaji wake katika filamu ya 12 Years a Slave. Alivaa gauni la Prada la rangi ya buluu mpauko, na mwenyewe akaieleza rangi hiyo kuwa ni buluu ya Nairobi. Kwa kauli hiyo gauni lilipewa nchi. Vazi lililoshonwa Ulaya na kuvaliwa Marekani likawa na mjadala wake Kenya, na walioliona kwenye picha wakalizungumza kana kwamba limetoka kwao.

Inafaa ikumbukwe kwamba Afrika Mashariki ina vazi ambalo halikuhitaji jarida ili liseme. Kanga huchapishwa jina lake juu ya kitambaa chenyewe. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na hasa kwa juhudi za wafanyabiashara kama Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanzisha biashara yake mwaka 1887, kanga imekuwa vazi na ujumbe kwa pamoja. Mwanamke anayepita uwanjani kwa jirani akiwa na kanga yenye fumbo amesema bila ya kufungua kinywa. Katika kanga, vazi halisi na vazi lililoandikwa ni kitu kimoja, na mtazamaji anaalikwa kwa makusudi asome.

Hadhira ya Keumbu nayo si geni katika usomaji huo. Waadventista wa Sabato walifika Ugusii mwanzoni mwa karne ya 20, na kituo chao cha Nyanchwa, ukingoni mwa mji wa Kisii, kimekuwa na athari kubwa. Mafundisho yao juu ya mavazi ya staha na kujiepusha na vito yamewafundisha watu kuzingatia kwa makini kile ambacho mwingine amevaa. Jumamosi asubuhi njia ya kwenda kanisani ni njia ya kutazamwa. Mshono, urefu wa sketi, kitambaa kama ni kipya au ni cha mitumba, vyote husomwa. Maadili yanayokataza pambo yanaweza kumfanya mtu awe msomaji hodari wa pambo.

Kulisoma vazi, basi, ni halali, maana vazi la hadharani limewekwa mbele ya macho. Tatizo huanza pale msomaji anapovuka kutoka alichovaa mtu kwenda alivyo mtu. Wanafunzi wa uhakiki wanalifahamu onyo la Wimsatt na Beardsley, waliodai mwaka 1946 kwamba nia ya mtunzi haipaswi kufanywa kipimo cha kazi yake. Onyo hilo limepingwa kwa namna nyingi, lakini linatoa mwanga hapa. Udaku huanza kama uhakiki wa matini, kisha huruka kutoka kwenye mshono hadi kwenye ndoa, kutoka kwenye rangi ya gauni hadi kwenye mimba, deni na maradhi. Kinachosomwa hakipo tena kwenye matini, ila msomaji anaendelea kuzungumza kwa uhakika uleule aliokuwa nao alipokuwa akitazama kitambaa.

3.0 Masengenyo na Mipasho

Kiswahili kina msamiati mpana wa maneno yanayomhusu mtu mwingine: udaku, umbeya, uzushi, fitina, masengenyo, vijembe, mipasho. Si visawe. Uzushi hutofautishwa na mengine kwa uongo wake, na fitina kwa lengo lake la kugombanisha. Kusengenya kuna sifa ya pekee: anayesemwa hayupo. Jambo linalosemwa laweza kuwa la kweli tupu na bado likawa masengenyo. Maadili ya Kiislamu, ambayo yamekilea Kiswahili cha pwani kwa karne nyingi, yanaitenga ghiba, yaani kumtaja mtu kwa jambo asilolipenda hata kama ni la kweli, na buhtani, yaani kumzulia. Yote mawili ni makosa. Ukweli wa neno haumtakasi mwenye kulisema.

Mipasho ina muundo mwingine kabisa. Mpashwaji yupo, au atafikiwa na neno, na anatazamiwa kujibu. Mfano wake bora unamhusu mtu mashuhuri na mavazi kwa pamoja. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, akaja mjini akiuza vyungu. Alipopata sifa ya uimbaji, sifa iliyomfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, mahasidi walitunga wimbo wa kumkejeli kwamba aliingia mjini amejifunga kaniki, vazi la watu wanyonge. Kejeli hiyo ilikuwa uhakiki wa mitindo uliogeuzwa kuwa hukumu juu ya nasaba. Siti alijibu kwa wimbo, akitoa hoja kwamba sura na nasaba si kitu pasipo akili na tabia. Shaaban Robert alikihifadhi kisa hicho katika wasifu aliouandika juu yake. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba jibu lilipita katika njia ileile iliyopita tusi: wimbo kwa wimbo, mbele ya hadhira ileile. Waliocheka mara ya kwanza walilazimika kusikia mara ya pili.

Utaratibu huo ulirudi kwa kishindo jijini Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano walipopambana kwa nyimbo. Mipasho hiyo ilikuwa na ukali wake, na haifai kusifiwa kupita kiasi. Wapo walioumia. Hata hivyo, ilikuwa na ukumbi, zamu, na hadhira iliyojua kwamba upande wa pili unakuja. Ni mkondo uleule wa kujibizana kwa mashairi uliokuwapo Mombasa zama za Muyaka bin Haji, kabla ya katikati ya karne ya 19.

Max Gluckman, mwanaanthropolojia, alidai mwaka 1963 kwamba udaku huiunganisha jamii: kumsema mwenzio ni dalili kwamba ninyi ni wa kundi moja, na mgeni hana haki hiyo. Dai hilo linaeleza mengi kuhusu kijiji. Linapopelekwa kwa watu mashuhuri linapata ufa. Mkazi wa Keumbu anayemjadili staa wa Hollywood hayumo katika kundi moja naye. Anachokipata ni hisia ya ukundi bila ya wajibu wake, kwa maana anamjua staa kama jirani ilhali staa hamjui yeye kabisa, na lolote analolisema halitamrudia.

4.0 Chinsoni: Mbele ya Nani?

Waandishi waliochunguza maisha ya Wagusii katikati ya karne ya 20, wakiwamo Philip Mayer na Robert LeVine, walitilia mkazo dhana ya chinsoni, yaani haya na heshima zinazotawala mahusiano ya vizazi vinavyopakana. Baba na mwanawe, au mtu na wakwe zake, hawataji mbele ya wao kwa wao mambo ya unyumba na mwili. Kwa upande mwingine, babu na mjukuu wanaweza kutaniana kwa uhuru, na Mayer aliandika mwaka 1951 juu ya utani mkali wa wanarika. Neno lilelile ni halali penye rika na ni aibu penye mkwe.

Umuhimu wa dhana hiyo kwa mjadala huu ni mkubwa. Falsafa nyingi za maadili ya usemi huuliza mambo mawili: je, neno ni la kweli, na je, linamdhuru anayesemwa? Chinsoni inaongeza la tatu: nani anasikiliza? Inatambua kwamba neno linaweza kuwaharibia wasikilizaji uhusiano wao hata kama mwenye kusemwa yuko mbali na hana habari. Redio inapotangaza ndani ya matatu kisa cha staa aliyefumaniwa, mama mkwe na mkwewe wanaweza kuwa wameketi kiti kimoja. Redio haina rika. Haimjui aliyekaa karibu na nani. Inawatendea wasikilizaji wote kana kwamba ni wanarika waliokutana penye utani.

Yaweza kutolewa hoja kwamba taratibu hizo zimelegea na kwamba vijana wa leo hawazijali. Huenda ni kweli kwa kiasi. Hoja ya makala haya haitegemei kwamba kila mtu wa Keumbu anaifuata chinsoni. Inategemea kwamba dhana yenyewe imeona jambo ambalo vyombo vya habari vimelifuta: kwamba udaku una watu watatu, msemaji, msemwa na msikilizaji, na kwamba uhuru wa kusema ulipangwa kufuatana na uwezekano wa kujibiwa. Mwanarika anayetaniwa hutania naye. Chinsoni humzuia mtu asiseme hasa pale ambapo mwenzake, kwa heshima, hangeweza kumrudishia.

5.0 Nafasi ya Jibu na Pingamizi Zake

Kutokana na hayo, dai la makala haya linaweza kuelezwa hivi: uovu wa udaku hupimwa kwa nafasi ya jibu inayobakizwa kwa anayesemwa, na uongo wa neno ni sehemu moja tu ya kipimo hicho. Yapo mapingamizi mawili mazito.

Pingamizi la kwanza ni la ridhaa. Mtu mashuhuri amejitoa mwenyewe. Anayekanyaga zulia amekubali kusemwa, na amelipwa kwa hilo. Jibu lake linapatikana sokoni. Mnunuzi wa ndizi pale Keumbu ana haki ya kuugeuza mkungu, kuubonyeza, kuusema kuwa mdogo, na kuondoka bila ya kununua. Mwenye kuutandaza mkungu wake ameridhia hayo. Hakuridhia mnunuzi amfuate jikoni kwake. Ridhaa ya kutazamwa ina kipimo chake, na kipimo hicho ni kile kilichotandazwa.

Mwezi Februari 2015 Lupita Nyong'o alivaa gauni la Calvin Klein lililotariziwa lulu zipatazo 6,000. Gauni liliibwa katika hoteli, likapatikana baada ya siku chache, na uvumi ukaenea kwamba mwizi alilirudisha baada ya kugundua kuwa lulu hizo ni bandia. Uvumi huo ulihusu kitu kilichotandazwa, na ni vigumu kuona nani aliumia. Novemba 2017 mambo yalikuwa mengine. Jarida la Grazia la Uingereza lilichapisha jaladani picha yake ikiwa imefutwa sehemu ya nywele zake za asili. Hapo mtazamaji hakuishia kusema. Aliusahihisha mwili uendane na usomaji wake. Nyong'o alijibu hadharani, akaweka picha halisi kando ya ile iliyobadilishwa, na jarida pamoja na mpiga picha wakaomba radhi. Jibu lake liliwezekana kwa sababu alikuwa na hadhira yake mwenyewe, kama Siti alivyokuwa na ukumbi. Wanawake wangapi wenye nywele kama zake wamesahihishwa katika picha, na katika maneno, wakakosa pa kuweka ile picha ya kwanza?

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Udaku ni silaha ya wanyonge. James Scott alionyesha mwaka 1985, kwa mifano ya kijiji cha Malaysia, jinsi wakulima maskini wanavyowasuta matajiri kwa masengenyo kwa kuwa hawana njia nyingine. Kama kila neno lingengoja kuwapo kwa anayesemwa, mnyonge asingesema kamwe. Pingamizi hili linathibitishwa na maisha ya mwigizaji huyohuyo. Tarehe 19 Oktoba 2017 Nyong'o alichapisha katika gazeti la New York Times maelezo ya namna alivyosumbuliwa na mtayarishaji wa filamu Harvey Weinstein, na akaeleza jinsi ukimya ulivyomfanya adhani kwamba yuko peke yake. Katika hali kama hiyo mnong'ono wa wanawake ni onyo, na kuunyamazisha ni kumlinda mwenye nguvu.

Pingamizi hili halilibomoi dai. Linalifafanua. Mwenye nguvu anayesengenywa ana nafasi ya jibu tele: ana mawakili, ana wasemaji, ana magazeti. Weinstein mwenyewe alijibu kupitia wasemaji wake. Masengenyo ya mnyonge dhidi ya tajiri huelekea juu, mahali ambapo jibu lipo tayari. Kipimo kilekile kinachomtetea mnyonge hapa ndicho kinachohukumu udaku unaoelekea chini.

6.0 Uvumi Unaoelekea Chini

Ni kwa sababu hiyo Ugusii hauwezi kuachwa kando. Mwezi Mei 2008 watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao wazee, walichomwa moto hadi kufa katika vijiji vya eneo hilo kwa kutuhumiwa kuwa abarogi, yaani wachawi. Habari zilizochapishwa wakati huo zilitaja daftari lililodaiwa kupatikana shuleni, likiwa na kile kilichoitwa kumbukumbu za mkutano wa wachawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani kwa tuhuma za namna hiyohiyo.

Yaonekana ni umbali mkubwa kutoka kwenye gauni la Prada hadi kwenye vifo hivyo, na makala haya hayadai kwamba kimoja kimesababisha kingine. Kinachodaiwa ni kwamba kitendo cha kusoma kina umbo moja. Mzee mwenye macho mekundu, mwanamke anayeishi peke yake, jina lililoandikwa na mkono usiojulikana katika daftari: hizo nazo ni ishara za nje, na msomaji ameruka kutoka kwenye ishara hadi kwenye moyo wa mtu. Tofauti imo katika jibu. Staa aliyesomwa vibaya anaweza kuweka picha ya pili. Daftari lisilo na mwandishi haliwezi kujibiwa, kwa sababu hakuna wa kumjibu. Na jirani aliyekwisha kusemwa usiku kucha katika nyumba asizoalikwa hufikiwa na neno hilo likiwa tayari limekuwa hukumu.

Katika tamthilia ya Aeschylus, kiitikio ni wazee wa Argos. Wanaposikia mayowe ya mfalme kutoka ndani, wanajadiliana kwa zamu, kila mmoja na maoni yake, na hakuna anayeingia. Wahakiki wamewacheka wazee hao. Lakini jamii yoyote ambayo maneno yake yamekoma kumtafuta anayehusika huwa katika hali yao: inasema mengi juu ya kinachotendeka nyuma ya mlango, na haiugongi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba maadili ya udaku hayawezi kuamuliwa kwa kuuliza tu kama neno ni la kweli, wala kwa kuuliza tu kama mtu mashuhuri amejitoa. Mapokeo ya mipasho yanadai kwamba anayesemwa apewe zamu. Chinsoni inadai kwamba asisemewe pale asipoweza kurudisha. Mapokeo hayo mawili yalikua mbali na mbali, moja pwani na jingine kwenye milima ya Nyanza, na yanakutana katika hoja moja.

Kwa mhakiki wa fasihi, matokeo yake ni ya kikazi pia. Udaku wa watu mashuhuri haustahili kupuuzwa kama takataka za magazeti. Ndiyo shule ya usomaji ambayo watu wengi husoma kila siku, na mazoea yanayopatikana humo hayabaki kwenye mazulia. Aliyezoea kukata shauri juu ya mtu asiyeweza kumjibu, kwa sababu mtu huyo yuko mbali na ni tajiri, anajifunza namna ya kukata shauri juu ya jirani asiyeweza kujibu kwa sababu ni mzee na ni maskini.

Suala moja limebaki wazi. Siti binti Saad alifariki mwaka 1950, na kaniki yake ingali inasimuliwa, pamoja na katika makala haya. Marehemu hana zamu. Labda ndiyo maana Shaaban Robert, alipoandika wasifu wake, hakuihifadhi kejeli peke yake, ila aliiweka pamoja na jibu lake. Iwapo hilo linatosha kuwa kanuni kwa wote wanaoandika juu ya waliokwisha kuondoka, ni swali linalohitaji makala yake.